Pembe za Mchemraba wa Sabuni

Kila jioni, mama yake akishamaliza kukata miche ya sabuni, Chapuchapu ndiye aliyefuta meza na kuokota mabaki. Jina hilo alipewa na bibi yake, maana mtoto huyu alikuwa akianza kazi kabla hajasikia vizuri ni kazi gani. Siku hiyo aliomba kipande kinene, chenye pande zilizo sawa kama dadu.

Mwalimu wa hisabati alikuwa amewaagiza wanafunzi watengeneze mchemraba, wakate pembe zake zote sawasawa, kisha waeleze umbo jipya walilopata. Kazi safi kuliko zote ingewekwa kwenye kabati la vioo pale mlangoni pa shule. Chapuchapu alikwisha kuwatambia wenzake kwamba nafasi hiyo ni yake, wasijisumbue.

"Pembe?" mdogo wake wa kike aliuliza alipoelezwa kazi hiyo. "Kwani huo mchemraba ni mbuzi?"

Chapuchapu alicheka, akashika kisu. Hakupima; aliliamini jicho lake. Pembe ya kwanza ilikatika vizuri, ikaacha pembetatu nadhifu. Ya pili aliikata kwa kulinganisha na ya kwanza, ya tatu kwa kulinganisha na ya pili. Kila moja ilizidi kidogo tu, lakini alipofika ya mwisho, pembetatu yake ilikuwa kubwa kupita kiasi. Akarudi kuikata tena ile ya kwanza ili zifanane. Ikazidi. Akakata nyingine, na nyingine, mpaka mchemraba ukabaki kama kiazi kilichotafunwa na panya. Kesho kazi ilitakiwa, naye hakuwa na cha kupeleka.

Mama hakumkaripia. Alichukua kibao kidogo kilichochakaa, akamwonyesha.

"Kila mche naupima kwa hiki. Siupimi kwa ule niliotoka kuukata, mwanangu. Ningefanya hivyo, miche ya asubuhi na ya jioni isingejuana."

Akampa kipande kingine na rula.

Safari hii Chapuchapu alitia alama katikati ya kila ukingo kabla ya kugusa kisu. Kisha akakata kila pembe kutoka alama hadi alama. Kila pembe iliacha pembetatu, na kila uso wa zamani ukabaki mraba mdogo uliokaa kimshazari. Alifurahi mno, akawa analigeuzageuza umbo lile mkononi bila kulichoka. Mdogo wake alilikagua kwa kidole, akihesabu.

"Si ulisema unaondoa pembe? Mbona zimeongezeka?"

Chapuchapu naye akahesabu. Kweli, nane zilikuwa zimezaa kumi na mbili.

Asubuhi aliweka mezani maumbo yote mawili, ingawa kile kiazi kilimtia aibu. Wenzake aliowatambia walianza kuchekacheka. Mwalimu alikinyanyua, akauliza ni kitu gani.

"Ni umbo la kwanza, mwalimu. Kila pembe niliipima kwa iliyotangulia, kosa langu likawa linakua. Hili la pili nilipima kingo zake kwanza, ndipo nikakata."

Vicheko vilikoma. Mwalimu aliyapanga maumbo yote mawili kabatini, bega kwa bega, akawageukia wanafunzi.

"Mkikosea, msilifuate kosa. Rudini kwenye kipimo, hata kama mkono una haraka. Na msione haya kuonyesha mlipokosea, maana hapo wengine hujifunza." Kisha akamtazama Chapuchapu. "Na hizi pembe kumi na mbili, utazikata lini?"

"Nikishapima, mwalimu."