Kofia za Mwenyekiti

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kinanda alipitia kwenye saluni ya baba yake kumsaidia kufagia. Jina hilo alipewa na wenzake wa kwaya kwa ajili ya sauti yake, likamganda mpaka nyumbani. Yeye alifagia nywele, na baba yake, kinyozi, alifuta mashine za kunyolea kwa spiriti huku akigombana na redio.

Asubuhi hiyo hapakuwa na nywele za kufagia.

"Baba, wateja wamehama?"

"Hawajahama, mama. Wanapita hapo nje na nywele zao kichwani." Baba alizima redio. "Hali ikiendelea hivi, nafunga. Nitamfuata baba yako mdogo mjini, nikatafute kibarua hukohuko."

Kinanda alijua kisa chake. Shuleni yalikuwa yamezuka mapunye, yale mabaka ya mviringo yanayowasha na kumaliza nywele. Mtu mmoja alisema pengine ni mashine za kinyozi. Wa pili akaiondoa ile "pengine". Wa tatu akaapa kwamba alimwona kinyozi akimnyoa mtu mwenye vidonda. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwuliza mwenyewe.

Tangu hapo Kinanda akawa anamshuku kila mtu. Wawili wakinong'ona, aliona wanamsema baba yake. Jirani akimsalimia kwa uchangamfu, alijiuliza anaficha nini.

Jioni, akioga, kidole chake kiligusa mahali pasipo na nywele nyuma ya sikio. Alichukua kioo, akatazama. Na yeye alikuwa na mapunye. Ajabu ni kwamba mashine ya baba haikuwahi kugusa kichwa chake, maana alisukwa na shangazi yake. Kama angesema, angemtetea baba. Lakini nani angemsikiliza? Wangesema tu, mnaona, hata mtoto wa kinyozi anayo. Akalaza msuko mmoja juu ya lile baka, akanyamaza.

Kesho yake akafanya jambo baya. Darasani kulikuwa na msichana aliyehamia muhula huo, binti wa mfagiaji wa shule, ambaye wote walimwita Mgeni. Kinanda alimwinamia mwenzake wa dawati, akamnong'oneza, "Hivi hujiulizi? Kabla Mgeni hajaja, nani alikuwa na mapunye hapa?"

Hakuongeza neno. Alijiambia kwamba hajasema uongo, ameuliza tu. Kufikia mchana, Mgeni alikuwa amebaki peke yake kwenye benchi la nje, na mtu mmoja alipangusa mahali alipokuwa ameegemea.

"Nimewakosea nini?" Mgeni alimwuliza Kinanda.

Kinanda aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Siku iliyofuata, nesi aliitwa na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama mwenye maduka na sauti ya kuamuru. Waliketi ofisini pamoja na mwalimu wa kwaya, wanafunzi wakaingia mmoja mmoja.

"Nesi, wewe andika tu kinyozi afungiwe, tumalize," alisema mwenyekiti.

"Acha nitazame kwanza, mama. Macho nimekuja nayo."

Mgeni alitazamwa, akakutwa hana hata chembe. Akafuata Kinanda. Nesi aliinua ule msuko, akaguna.

"Huyo ndiye mtoto wa kinyozi," mwenyekiti akadakia. "Si niliwaambia?"

"Unanyolewa na nani, mwanangu?" nesi aliuliza.

"Sijawahi kunyolewa. Shangazi ananisuka."

"Na kichwani unavaa nini?"

Kinanda akamtazama mwalimu wa kwaya. Mwalimu akatazama sakafu. Hapo ndipo Kinanda alipong'amua kwamba wote wenye mabaka walikuwa wanakwaya. Kofia za bluu za kwaya walizivaa kwa zamu, kwa kuwa zilikuwa chache, na mwalimu alikataza zisifuliwe zisije zikachuja kabla ya siku ya wazazi. Zilikuwa zawadi ya mwenyekiti. Akilini alimwona baba yake akifunga saluni.

"Kofia za kwaya," alisema. "Tunaazimana. Na hazifuliwi."

"Kofia zangu? Nilizinunua mpya."

"Zilikuwa mpya, mama," nesi alijibu kwa upole. "Sasa zimepita vichwa vingi."

Kofia zikachemshwa, kila mtoto akapewa yake, na dawa ikaletwa. Jumamosi mwenyekiti alimleta mwanawe saluni mchana kweupe, akaketi karibu na mlango watu wamwone. Baada ya hapo wateja wakajaa. Hakuna aliyeomba radhi. Kila mmoja alisema tu nywele zimerefuka mno.

Lakini Mgeni aliendelea kukaa peke yake. Nesi aliporudi kukagua vichwa, Kinanda alishindwa kuvumilia, akamweleza yote.

"Mapunye hayachagui kichwa, mwanangu," nesi alisema. "Uvumi ndio unaochagua. Kofia zilikuwa mbele ya macho ya wote, lakini aliyezitoa anaogopwa, kwa hiyo akasemwa kinyozi. Na wewe ulipotaka kuutua ule mzigo wa baba yako, ulimtafuta nani?"

"Asiye na mtu wa kumtetea," Kinanda alijibu, machozi yakimlengalenga.

"Basi ukisikia neno baya juu ya mtu, uliza kwanza limetoka wapi na kwa nini limemwangukia yeye. Haya, nenda."

Kinanda alikwenda kwenye benchi, akaketi kando ya Mgeni, akamweleza alichonong'ona darasani na kumwomba radhi kwa sauti ya chini.

Mgeni alimgeukia. "Wao uliwanong'oneza," alisema. "Mimi usininong'oneze."

Kinanda akainuka, akageuka kuwakabili wenzake waliojaa uwanjani, akaanza kusema kwa sauti.