Nani Alifuta Kazi za Wanafunzi Sitini?

"Amefuta yeye!"

Nilimnyooshea kidole Mama Chaki mbele ya Mkuu wa Chuo na wahadhiri wenzake kumi. Sikuona haya hata kidogo.

Jamani, kazi za wanafunzi sitini zilikuwa zimetoweka... ukurasa mweupe pe!

Mkataba wangu wa kuwafundisha wahadhiri kutumia mtandao ulikuwa unaisha mwezi ule. Mkuu alishanipa sharti: wahadhiri wakikubali kufundishia kwenye ukurasa wa pamoja mtandaoni, wanafunzi wakiandika na kusahihishana humo, nabaki. Wakigoma, nifungashe virago.

Na kinara wa kugoma alikuwa huyo mama, miaka thelathini ubaoni. Siku ya kwanza ya mafunzo alisema kizazi chetu sisi vijana, umeme ukikatika na akili inazima. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nikameza, nikamwekea kinyongo.

"Punguza jazba, kijana," Mkuu akasema.

Akafungua historia ya ukurasa, pale panapoonyesha nani kafanya nini.

Jina lililofuta...

Ni langu!

Ndugu zangu, nilijua papo hapo nilipokosea. Wahadhiri walikuwa wazito kujisajili, nami sina subira. Niliwapokonya mausi ya kompyuta mmoja mmoja, nikawaingiza wote kumi kwa akaunti yangu. Kwa hiyo yeyote kati yao angefuta, kwa kusudi au kwa kubofya vibaya, ningeonekana mimi.

Niliwatazama. Wote kumi wakatazama meza.

Mama Chaki peke yake ndiye aliyekataa siku ile. Alijisajili kwa kidole kimoja, dakika arobaini, mimi nikisonya pembeni. Na sasa jina lake lilijaa kwenye ile historia: alikuwa amemwandikia maoni kila mwanafunzi, wote sitini.

Akasogea, akabofya mara mbili kwenye ile historia, akarudisha ukurasa wa kabla ya kufutwa. Kazi zote zikarudi.

"Wanafunzi wangu ndio walionionyesha," akasema. "Mimi sina ugomvi na mtandao, mwanangu. Ugomvi wangu ni na wewe. Unafundisha watu kwa kuwanyang'anya."



Wahadhiri walikubali, mradi wafundishwe na yeye. Mkataba nimepata, wa miezi mitatu. Cheo: msaidizi wa Mama Chaki.

Wewe unayetaka watu washirikiane, mwache kila mtu akosee kwa mkono wake. Mimi niliwanyima, makosa yao yote yakaandikwa kwa jina langu.