Kondoo wa Bibi von Ahlen

Saa 7:40 mchana. Chumba cha nyuma cha bucha kilinuka soseji na moshi. Detlef, mwenye bucha na mkuu wa genge, alitandaza ramani juu ya gogo la kukatia nyama.

"Saa tisa Bibi von Ahlen anakwenda kwa dada yake. Kahawa na keki, kama kila Jumapili. Tunaingia. Picha hii hapa: kondoo, mto, kilima. Rangi za maji, umri wake miaka mia na themanini. Fremu ina king'ora, tunaiacha ukutani. Karatasi inaingia kwenye mfuko huu wa plastiki. Mvua ikiigusa, tumeiba uji."

Gesine, mwendesha pikipiki, alicheka. Henning hakucheka. Aliutia mfuko kifuani. Wiki nane tu tangu atoke jela, tena kwa masharti: kosa moja, miaka minne. Binti yake Wiebke, wa miaka saba, ndiyo kwanza ameanza kumwita baba.

"Na drili hii?" aliuliza.

"Ya kasha la vito. Utatoboa wewe, fundi."

"Jumapili? Mkuu, unaumwa? Hapa Jumapili kelele ni marufuku; ukikata nyasi tu, unaitiwa polisi!"

"Jirani yuko ziwani. Nimehakikisha. Au jela imekufanya kondoo?"

Saa 9:12, nyumbani kwa Bibi von Ahlen. Detlef aliikata karatasi kwa kisu cha bucha, akaisweka chini ya koti.

"Mfuko huu hapa, mkuu."

"Kwenye pikipiki, baadaye. Toboa!"

Alikuwa na haraka, na haraka ya mwizi haina rafiki.

Saa 9:15. Drili ilinguruma. Ng'ambo ya barabara pazia likasogea. Mzee mwenye kandambili, ambaye ziwani hajakanyaga tangu amzike mkewe, alishika simu.

Henning alizima drili apumue. Akasikia pikipiki ya Gesine ikiondoka na Detlef. Bila yeye.

Saa 9:21. Askari wawili mlangoni. Hawakuja kwa wizi.

"Bwana, unajua leo ni siku gani?"

Kisha mmoja akaiona fremu tupu.

Nje mvua ilikuwa imechachamaa. Wakampekua, wakautoa mfuko. Mkavu kabisa.

"Huu wa nini?"

Henning alitazama barabara ilikopotelea pikipiki. Kilomita arobaini za mvua hadi buchani, na picha iko chini ya koti la Detlef la sufu.

"Wa kondoo," alisema. "Wakilowa wanakufa."

Pingu zikalia. Miaka minne. Wiebke atakuwa na miaka kumi na mmoja.