Manyoya ya Bibi Harusi

Kila asubuhi ya likizo, kabla ya chai, Chiriku alipiga magoti barazani na kusafisha sanduku la sungura. Jina lake halisi lilibaki kwenye madaftari ya shule. Nyumbani aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Alimsimulia sungura ndoto zake, akampa habari za majirani, akamuuliza maswali na kujijibu mwenyewe.

Sungura huyo alikuwa zawadi ya sikukuu. Baba yake Chiriku, fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, alimwona sokoni siku ya mkesha, ndani ya tundu lililorundikwa juu ya matundu mengine. Muuzaji alimhakikishia kwamba mnyama huyo hana shida yoyote na anakula chochote. Alikuwa mweupe pepepe, na Chiriku akamwita Bibi Harusi. Watoto wa ua mzima walipanga foleni kumbeba. Miwani, rafiki yake wa nyumba ya pili, alikuwa amenunuliwa kifaranga, lakini kifaranga hakuimaliza sikukuu yenyewe, kwa hiyo naye akahamia kwa Bibi Harusi.

Baba alitoa onyo moja. Ndani kulikuwa na mdogo wake Chiriku, mtoto mchanga mwenye kifua kibovu. "Mnyama huyu akionyesha ugonjwa wowote, anarudi sokoni siku hiyo hiyo," alisema.

Chiriku alijua maana yake. Jirani na matundu yale palikuwa na mchoma nyama, na hakuwa akichoma ndizi.

Sikukuu ilipita, na Bibi Harusi akabadilika. Hakutaka tena kubebwa. Aliguna akishikwa na kupiga mbao kwa miguu ya nyuma. Halafu asubuhi moja Chiriku alikuta kona ya sanduku imejaa majani makavu yaliyochanganyika na manyoya meupe. Alipomgeuza sungura, aliona kifua na tumbo vimebaki ngozi tupu.

Alimwita Miwani. Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Huu ugonjwa ni choa," alisema. "Binamu yangu alinyonyoka hivi hivi, wakamnyoa mpaka akafanana na yai."

"Atakufa?"

"Binamu?"

"Sungura, wewe."

"Binamu yupo. Sungura sijui."

"Usimwambie mama yako," Chiriku akamwomba. "Mama yako akijua, ua mzima umejua."

Alikusanya majani na manyoya yote, akayatia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo gumu ili mtu asione kilichomo, na kuutupa kwenye pipa la taka. Akasugua sanduku kwa sabuni. Jioni kona ilikuwa imejaa tena. Akaondoa tena. Kadiri alivyosafisha, ndivyo sungura alivyozidi kujinyonyoa, kana kwamba wawili hao walikuwa wanashindana. Chiriku aliiba dawa ya ngozi ya mtoto akampaka tumboni. Mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kufua mashuka hospitalini, alilitafuta kopo la dawa hiyo chini ya kila mto bila kulipata.

"Chiriku wangu, mbona kimya siku hizi?" Mama aliuliza. "Umemeza nini?"

Alijibu kwamba amechoka tu. Wakati wa chakula Baba aliuliza kama Bibi Harusi hajambo, naye akasema hajambo. Kesho yake alisema hivyo tena, na safari hii uongo ulitoka kwa urahisi zaidi. Siku ya tatu hakuinua hata uso kutoka kwenye sahani. Jioni hiyo alilifagia sanduku mpaka mbao zikawa tupu.

Kulipokucha aliinua kifuniko. Mbao zilikuwa tupu kama alivyoziacha, na juu yake palitawanyika viumbe vidogo vyekundu, visivyo na unyoya hata mmoja. Kimoja kilifungua mdomo. Vilikuwa vitoto. Bibi Harusi alikuwa kando yao, anauma kifua chake mwenyewe mahali ambapo hapakubaki kitu cha kung'oa.

Hapo Chiriku akaelewa yale manyoya yalikuwa ya nini.

Wazo la kwanza lilikuwa pipa. Lilikuwa karibu, na watu walikuwa bado hawajatoka nje. Aliokota kitoto kimoja. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, lakini kikajikunja kiganjani mwake. Alisimama, akaingia nacho ndani, mpaka mbele ya Baba aliyekuwa akifunga kamba za viatu vya kazi.

"Baba, nimewaua," alisema.

Akaeleza yote palepale, upara, mfuko, dawa na uongo, bila kupumzika. Mama hakungoja amalize. Alijaza chupa maji ya moto, akaizungushia taulo, akavipanga vitoto juu yake.

"Manyoya yako wapi?" aliuliza.

"Kwenye pipa."

"Kayatoe."

Chiriku aliingiza mikono mpaka mabegani, kwenye maganda, majivu na maji machafu. Alilia huku akichimba. Miwani alitokea, akaziba pua kwa mkono mmoja na kuchimba kwa mwingine. Mfuko ulikuwa chini kabisa. Lile fundo gumu la kuficha lilikuwa halijafunguka, na manyoya yalikuwa makavu.

Baba hakwenda kazini. Alibeba sanduku mpaka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mnene mwenye buti za mpira. Vitoto viwili vilikuwa vimekwisha kufa njiani. Daktari aliviweka kando chini ya kitambaa, akavikagua vinne vilivyobaki.

"Hakuwa mgonjwa," alimwambia Chiriku. "Alikuwa anatandika kitanda. Ulipomnunua, mzee, alikuwa na mimba tayari. Uliuliza nini?"

"Niliuliza kama anauma."

"Na swali la pili?"

Baba alitazama kofia yake. Hapakuwa na swali la pili.

Daktari alitengeneza kiota cha majani makavu, akakitandikia manyoya yale. Alisema sungura hunyonyesha kwa muda mfupi sana, mara moja tu kwa siku, kwa hiyo aachwe peke yake na mtu asichungulie mpaka asubuhi.

"Akiwakataa?" Chiriku aliuliza.

"Wadogo hivi, ni vigumu sana mtu kumfanyia mama yao kazi yake," daktari alisema. "Sitakudanganya."

Siku nzima Chiriku alikaa mbali na sanduku, mikono ameikalia. Kila aliposikia mbao zikikwaruzwa, moyo ulimwenda mbio, na kulipokuwa kimya ulikwenda mbio zaidi.

Asubuhi Baba alimshika mkono, wakapiga magoti pamoja. Baba ndiye aliyefunua manyoya. Vitoto vyote vinne vilikuwa vimelaliana, vya moto, na matumbo yamejaa yakawa mviringo kama vipira. Juu yao palikuwa na manyoya mapya, machache, aliyoyapata Bibi Harusi mgongoni.

Baba alivifunika taratibu.

"Nilinunua uhai kama ninavyonunua viatu vya sikukuu," alisema. "Nikatazama rangi, nikatoa pesa. Sikuuliza atalala wapi wala nani atamtunza shule zikifunguliwa. Hilo ni langu. Lako si kutojua, mwanangu, hata mimi sikujua. Lako ni kwamba uliona shida, ukaifunga kwenye mfuko. Ungenionyesha siku ile ya kwanza, wale wawili labda wangekuwa hapa."

"Ungemrudisha sokoni, Baba."

Baba alirudisha kifuniko cha sanduku. "Basi onyo lile nimeliondoa. Kuanzia leo, niletee shida ikiwa bado mbichi, tuihangaikie wawili. Nitatengeneza banda la kweli, na vitoto vikikua, daktari atatutafutia wafugaji wanaojua kufuga."

"Na sikukuu ijayo?"

"Sikukuu ijayo ni viatu."

Chiriku alicheka huku machozi yanamtoka, kisha akaanza kumweleza kila kitoto kinafanana na nani pale uani. Alipofika cha tatu, sauti ya Mama ikasikika kutoka ndani.

"Haya, mwanangu amerudi."