Barafu ya Mpishi

Mgahawa ulikuwa umefurika hadi mlangoni, mpishi akitokwa jasho, alipoingia dada mmoja mwenye koti jeupe na kilemba cha kijani. Bila hata hodi akatumbukiza kipimajoto kwenye sufuria ya maharage.

"We dada! Unachokonoa nini chakula changu?"

"Napima homa," alijibu yule dada, kumbe ndiye bibi afya wa mtaa. "Haijatosha. Rudisha motoni."

Wateja wakaangua kicheko. Mpishi akanuna, lakini wapi! Moyo ulishaondoka na mtoto wa watu. Haukupita muda, simu zikawa haziishi.

"Mpishi wangu, umenikumbuka?"

"Nikusahau vipi, malkia? Siku hizi hata maji ya juisi nayachemsha kwa ajili yako."

Mara watu mtaani wakaanza kuharisha. Bibi Afya akapita nyumba kwa nyumba akiuliza walikula nini, walikunywa nini, na kila jibu lilimrudisha kwenye mlango uleule. Akaja, akachukua maji ya kupima, akaufunga mgahawa kwa mkono wake.

"Unanifungia mimi? Mimi?"

"Watoto wametundikiwa dripu, mpenzi. Ningefanyaje?"

"Kumbe ulinipenda ili unichunguze!"

Mpishi akaacha kupokea simu zake. Mapenzi yakamgeukia shubiri, hata usingizi ukamkimbia.

Ndipo shangazi yake, aliyemlea, naye akalazwa. Mpishi alifika hospitali mbio, akamkuta Bibi Afya kando ya kitanda, macho mekundu kwa uchovu.

"Maji yako nimeyapima, ni safi," alimwambia kwa upole. "Sielewi. Shangazi, ulikunywa nini?"

"Juisi ya mwanangu tu, anayonitengenezea nyumbani. Yenye barafu tele, hujui joto hili?"

Bibi Afya akageuka. "Barafu unaitoa wapi?"

"Naletewa kutoka kiwandani, kule nyuma ya..." Mpishi akajishika kichwa. Maji aliyachemsha vizuri, kisha akayapoza kwa barafu ya maji yasiyochemshwa. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mungu wangu. Nimemnywesha shangazi yangu uchafu."

"Hukujua. Inuka, nipeleke."

Wakaenda pamoja. Bomba la kiwanda lilikuwa limepasuka ndani ya mtaro wa maji machafu. Kiwanda kikafungwa, bomba likabadilishwa, wagonjwa wakapungua, shangazi akarudi nyumbani akilalamikia uji wa hospitali. Ndipo Bibi Afya akaja kufungua mgahawa.

"Siku niliyokufungia nililia njia nzima," alisema, kufuli mkononi. "Lakini nikikuta kosa, nitafunga tena. Hilo ulijue."

"Funga, mpenzi. Mimi nilinuna, wewe ukaenda kumtafutia shangazi yangu uzima. Funga hata kila wiki, mradi jioni urudi kwangu."

"Kwako kama nani?"

"Kama mke wangu."

Bibi Afya akamwekea kufuli mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Basi nenda kamwambie baba yangu hivyo hivyo. Usipunguze neno."