Picha ya Mwanaheri

Haya nilisimuliwa na Mwinjuma, rafiki yangu wa Temeke, enzi za Mwingereza. Mkewe, Mwanaheri, alikuwa na picha moja tu, aliyopiga na marehemu mumewe wa kwanza. Wote wawili walitazama mbele, wamenuna kama picha za leseni, maana serikali haikuamini kwamba dereva anaweza kucheka na bado akaendesha gari.

Mwinjuma hakuweza kuichoma, kwa kuwa ndiyo picha pekee ya mkewe. Basi akaichukua kwa siri, akaipeleka Chang'ombe kwa Adelard, mpiga picha, aipige upya na kumfuta mwanamume.

"Unamwonea wivu maiti, bwana?"

"Mie namwonea wivu yeyote. Futa."

Adelard akaipiga, akamziba marehemu kwa rangi kwenye negativu, ile filamu ya kuchapia picha, kisha wakaingia chumba cha giza. Ikabaki taa nyekundu, na maji yakidondoka kwenye ndoo. Karatasi ikalazwa ndani ya sinia la dawa ya kutoa picha. Kwanza ikaja kanga, kisha mikono. Mahali pa marehemu pakabaki peupe.

"Umeona? Kwisha kazi," alisema Adelard.

Kisha uso ukaja, polepole. Adelard akaacha kutikisa sinia.

"Bwana, shemeji si alikuwa anatazama mbele?"

Mwinjuma akainama. Mwanaheri alikuwa amegeuza shingo, anapatazama pale peupe, anacheka hadi magego yanaonekana, kicheko ambacho Mwinjuma hajapata kuchekewa tangu amwoe.