Aliyeijibu Barua Taka

Barua pepe ya kwanza ilikuwa tupu, na ilinuka. Fundi aliinamia kompyuta yake, akanusa kama mtu anayekagua maziwa ya jana. Nywele zilizoungua!

"Nani anachoma nywele humu?"

"Labda zako, bosi," akacheka mwenzake wa meza ya pili. "Hizo mbili zilizobaki."

Kazi ya fundi ilikuwa kuzuia barua taka zisiwafikie wafanyakazi wa kampuni, na alikuwa mkongwe. Enzi za mwanzo alizuia maneno: bahati nasibu, dawa za nguvu, urithi wa tajiri aliyekufa. Wenye taka wakayaandika kwa tarakimu na nukta. Akazuia anwani zao, wakazibadilisha kama nguo. Akaifundisha kompyuta kuwatambua, nao wakajifunza kuandika kama watu wa heshima. Akiziba huku, wanatoboa kule. Hakuchoka, aliupenda mchezo huo.

Hii tupu ilimshinda. Haikuwa na mtumaji wala neno la kukamata. Kila alipoifuta ilirudi, mpaka ikaja na kichwa cha habari: Kidoti. Hilo ni jina la utani la binti yake, na halikuwahi kutoka nje ya nyumba yao. Hasira zikampanda, akafanya kosa analowakemea wafanyakazi wapya kila siku. Akajibu: "Usinitumie tena."

Harufu ikakatika. Kwa kujisifu, akampigia simu mzee aliyemfundisha kazi.

"Umeijibu?" mzee akanong'ona.

"Nimeiambia iniache tu, mzee wangu."

"Mwanangu, taka hutupwa kila mlango bila kujua nyumba ipi ina watu. Ukijibu, hata kwa matusi, umesema upo. Na hiyo si ya binadamu. Ilishaingia kwangu."

"Uliifukuzaje?"

"Sikuifukuza. Unadhani kwa nini naishi peke yangu? Kimbia nyumbani. Mtoto akisikia anaitwa, asiitike!"

Alikimbia na kiatu kimoja kikimvuka, akimpigia mkewe simu isiyopokelewa, akipita watu wanaonunua mboga na kucheka kana kwamba dunia ni ileile, mpaka akaufikia mlango wake na kukutana na harufu ya nywele zilizoungua, nzito kiasi cha kumkaba, na mkewe kasimama ukumbini kaziba mdomo kwa mikono miwili, akitazama redio iliyochomolewa umeme, ambayo ndani yake mtu alikuwa akiita kwa upole.

"Kidoti, njoo mama."

Ilikuwa sauti ya fundi mwenyewe.

Akafungua kinywa apige kelele, asitokwe na sauti hata kidogo. Na mtoto, aliyelelewa vizuri, aliyefundishwa na baba huyohuyo kwamba mkubwa akikuita hunyamazi, akaitika kutoka chumbani:

"Abee, baba!"

Kisha mlango wa chumba ukafungwa kwa ndani.